Shahidi wa Ndani Hana Bwana

Busale, karibu na Mwaya,
Ziwa Nyasa.
12 Juni 1912

Mpendwa Kaka Ezra,

Ugonile, kaka. Umeamkaje huko Morogoro, wewe na shemeji Marta, na wale mapacha ambao macho yangu hayajawaona? Ile homa uliyoniandikia imekuacha, au bado inakutetemesha kila alfajiri? Kama haijakuacha, usione haya kumwomba mkubwa wako wa reli siku mbili za kulala. Reli haitakimbia. Hapa nyumbani tumekuombea, kila mtu kwa namna yake, na mimi kwa namna yangu ambayo najua hutaipenda.

Sisi wa huku tupo. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, na ameanza tena kugombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo tunajua amepona. Mvua zilichelewa kwisha mwaka huu, lakini sasa mpunga umeinama vizuri na mke wangu Naomi anavuna tangu Alhamisi bila mimi. Lazaro, mwanangu wa kwanza, ameota meno makubwa ya mbele na anafanana nawe mno, pole yake.

Mimi mwenyewe siwezi kukuandikia kwamba ni mzima. Naandika nimelala kifudifudi kwenye mkeka, kalamu ya risasi mkononi, na ukiona mistari inapanda na kushuka ujue ni kwa sababu hiyo. Jumatatu ya wiki iliyopita nilipigwa bomani hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano. Jumatatu ijayo, tarehe kumi na saba, nimeitwa tena, na huenda nikapigwa nyingine kama hizo. Ni mimi tu nitakayeamua kama zitapigwa au hazitapigwa, na ndiyo maana nakuandikia leo.

Barua yako ya Aprili niliipata. Niliisoma mara tatu, kisha nikamsomea Mama ile sehemu ya mapacha tu. Uliniagiza mambo mawili. La kwanza, nikiitwa mbele ya bwana nirudie yale yale niliyosema mwaka jana, ili nisionekane mwongo. La pili, niache kukaa na yule Banyani wa Mwaya, maana anaharibu kichwa changu kwa mambo ya kipagani. Kaka, wewe ni mkubwa wangu, ulinibeba mgongoni kuvuka mto Mbaka nilipokuwa siwezi kuogelea, na heshima yako iko palepale. Lakini nimeyakataa yote mawili, na nitakueleza kwa nini, usije ukasikia kwa watu wengine yamepindishwa.

Uliondoka kabla haya hayajanipata, basi nianzie mbali kidogo. Mwaka 1908 nilikuwa natoka Mwaya na kapu la mchele kichwani. Bwana mmoja Mjerumani akapita amebebwa kwenye machela. Sikutua mzigo, sikuvua kofia. Na kofia yenyewe, kaka, ilikuwa chini ya kapu. Nilipigwa ishirini na tano. Kupigwa kwenyewe unakujua kwa kusikia, sitakusimulia. Baada yake ndipo lilipotokea jambo lililonimaliza. Askari alinisimamisha, akaniamuru nipige saluti, akaniuliza: Umekoma? Mimi sauti ilikuwa imekwisha. Akauliza tena, na tena, mpaka nikaweza kusema kwa nguvu watu wote wakasikia: Ndiyo, bwana.

Tangu siku ile neno hilo lilihamia kinywani mwangu likawa mwenye nyumba. Mtu akiniuliza kwa sauti ya juu kidogo, lilitoka kabla sijasikia swali limeishia wapi. Mchungaji aliniuliza kama nimeacha pombe, nikasema ndiyo, bwana. Akauliza kama bado nakunywa, nikasema ndiyo, bwana. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Hata Naomi nilimjibu hivyo, bila kusema bwana. Alikuwa akiniuliza twende shamba la juu au la chini, na mimi ndiyo. Nilidhani hayo ni madogo.

Kisha likaja la Zebedayo. Unamkumbuka, rika letu, aliyejenga nyumba ya pili kutoka kwangu, mtega samaki. Mwaka jana mwezi wa Septemba waya wa simu ulikatwa huko barabarani, na askari wakapita nyumba kwa nyumba. Kwa Zebedayo walikuta kipande cha waya amefungia mgono wake, ule mtego wa samaki. Waya ule aliupata Mwaya mwaka uliotangulia, kwa mpagazi mmoja, akampa mkungu wa ndizi. Najua kwa sababu mkungu ule niliubeba mimi. Zebedayo akasema bomani: mwiteni Hezroni, yeye ni shahidi wangu.

Nikaitwa. Nikasimama barazani, bwana mezani, mkalimani kando yake, askari nyuma yangu. Mkalimani akauliza: Huu waya ni wa simu? Ndiyo, bwana. Unamjua mtu huyu? Ndiyo, bwana. Ni yeye aliyeukata? Kaka, nilisikia kinywa changu kikisema. Nilisimama pale nikalisikia neno linatoka kama linatoka kwa mtu wa pembeni yangu. Ndiyo, bwana. Zebedayo hakunitukana. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Wakampa viboko na mwaka mzima wa mnyororo, na mimi nikatembea kurudi nyumbani nikavuka mto na sikumbuki kuvuka.

Sasa nifike kwa huyo Banyani, maana umemwandikia mabaya bila kumwona. Anaitwa Jivraj. Ni fundi cherehani, ana kibanda Mwaya karibu na ghala, mtu mfupi, masikio makubwa, Kiswahili chake amekipata Unguja na kinakizidi changu. Hali nyama wala samaki, na kwa mtu anayekaa ukingoni mwa ziwa hili hiyo peke yake ni adhabu ya kutosha. Mwezi wa Novemba Naomi alinituma kwake nikapimwe kanzu ya Krismasi. Akanipima kifuani akauliza: Inabana? Ndiyo, bwana. Akalegeza. Sasa imelegea mno? Ndiyo, bwana. Akaweka futi yake chini.

Alisema, "Mimi si bwana, mimi fundi. Na wewe umenijibu mara mbili, lakini sijaona mtu aliyejibu. Nani yumo humo ndani?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikakaa kwenye gunia lake nikamwambia yote, habari ya kapu, na ya Zebedayo, nikilia mbele ya mteja mmoja aliyekuja kununua vifungo. Mteja yule aliondoka bila vifungo.

Jivraj hakunipa pole. Alichukua kipande cha kitambaa kilichoshonwa, akafumua uzi wote mbele yangu, akakiinua kwenye mwanga. Matundu ya sindano yalikuwa yamebaki kwa mstari. Akasema uzi umetoka, lakini sindano ikipita hapa tena itapenda njia ile ile. Kwao huitwa sanskar, alama inayobaki moyoni baada ya tendo au maumivu kupita. Akasema watu wengi hudhani alama hizo ndizo wao wenyewe, basi huishi wakishonwa upya kila siku mahali palepale, na mshonaji hawamjui.

Nikamuuliza dawa yake. Nilidhani atanipa hirizi, na ningeikubali. Akasema hakuna dawa, kuna kutazama tu. Akasema ndani ya kila mtu yupo mmoja anayeona: anaona njaa lakini hana njaa, anaona hofu lakini haogopi, anaona kumbukumbu inakuja na kupita lakini yeye haji wala hapiti. Kwao huyo anaitwa sakshi. Nikauliza maana yake. Akafikiri kidogo akasema, "Kwa Kiswahili, shahidi."

Kaka, hapo nilikasirika. Nilimwambia mimi nimeshakuwa shahidi, na nimeona ushahidi wangu ulivyompeleka mtu kwenye mnyororo. Akanijibu kwamba siku ile barazani shahidi hakuitwa. Kilichoitwa ni kidonda, nacho kikajibu. Nilitoka nje nikatembea mpaka majini, nikarudi, nikamwambia anifundishe.

Mafunzo yenyewe ungeyaona ungenicheka. Kila nikipeleka mchele Mwaya, na baadaye hata nisipopeleka, nilikaa naye asubuhi baada ya yeye kuoga ziwani, miguu imekunjwa, macho yamefumbwa nusu, nikitazama pumzi ikiingia na kutoka. Siku za kwanza nilisinzia. Kisha akaniambia niiache ile siku ya kapu ije. Nilikuwa nimeikimbia miaka mitatu. Ikaja yote: harufu ya mafuta kwenye viatu vya askari, mchanga kwenye meno yangu, kuku wa bomani aliyepita akidonoa kama hakuna kitu. Nilitetemeka mpaka mkeka ukasogea. Jivraj akauliza: Anayepigwa unamwona? Namwona. Basi wewe uko wapi? Mtetemeko ulikoma, na nilibaki nimekaa nikisikia ng'ombe wakipita nje.

Baada ya hapo ikawa mchezo wetu. Anashona, kimya, mimi nimekaa, mara ananifokea kwa sauti ya kizungu: Wewe! Na mimi kazi yangu ni kuliona lile neno likiinuka. Linaanzia tumboni, kaka. Linapanda kifuani likiwa moto, linafika kooni, ulimi unajiandaa. Miezi miwili lilinishinda kila mara, na yeye anacheka na pini mdomoni. Mwezi wa Februari siku moja nililiona likiwa bado kifuani, nikalitazama, na halikutoka. Lilikaa kidogo likarudi lilikotoka. Nililia tena, lakini safari hii hapakuwa na mteja.

Usidhani namwabudu Banyani. Mengi yake nimeyakataa usoni pake. Anasema tutazaliwa tena na tena. Nikamwambia nikizaliwa tena nitakuwa jumbe nimpige faini kwa kuniamsha alfajiri. Picha zake za miungu siziinamii, naye hajaniambia niziinamie. Na jambo moja lilinichoma tangu mwanzo: alikuwa hanywi maji kutoka mkononi mwangu. Ukoo wake hauruhusu. Nikampa kibuyu changu siku ya jua kali, akasema hapana, asante, akaenda kuchota mwenyewe. Nikamuuliza: Na hilo, fundi, si tundu la sindano?

Siku tatu hakusema nami neno, na nilidhani nimempoteza. Siku ya nne aliomba kibuyu. Alikunywa, akatoka nje akatapika nyuma ya kibanda. Akarudi, macho mekundu, akakaa, akapumua muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akakiomba tena. Safari ya pili maji yalikaa. Kaka, mtu aliyenifanyia hivyo unaniambia nimwache. Baba yake angemfukuza nyumbani kwa funda lile.

Misheni nako wamenitenga na Meza ya Bwana tangu Pasaka. Mzee Andongwisye wa kanisani ndiye aliyeleta habari, na kwa haki yake nasema aliileta kwa huzuni. Alikaa hapa uani akasema, "Gwe Hezroni, Yesu hakukutosha mpaka ukatafute kwa Mabanyani?" Nikamwambia Yesu ananitosha, ni mimi niliyekuwa sipo anaponiita, anajibiwa na neno la askari. Hakunielewa, au alinielewa akaogopa. Nimeambiwa nitubu. Nimetubu jambo la Zebedayo mbele ya kanisa zima, na nitatubu tena wakitaka. La kukaa na Jivraj silitubu, kwa sababu bila hilo nisingeweza kutubu lile la kwanza.

Nirudi kwa Zebedayo. Mwezi wa Machi waya ulikatwa tena, mahali palepale, naye akiwa amefungwa mnyororo anavunja mawe. Mkewe Anyisile alipanda bomani mara tatu kwa miguu, mtoto mgongoni, kuuliza sasa amekata nani. Bwana wa zamani alikuwa ameondoka, amekuja mwingine, mtu wa karatasi. Mara ya tatu akakubali shauri lisikilizwe upya, akaagiza shahidi aletwe. Hapo ndipo barua yako iliponikuta.

Jumatatu ile nilikwenda na Naomi. Baraza ile ile, mkalimani yule yule. Zebedayo alikuwa amekaa chini, shingo ina kovu la chuma, amekonda. Bwana akasoma karatasi yake, mkalimani akanigeukia kwa sauti kubwa: Mwaka jana ulisema ni huyu aliyekata waya. Ndivyo?

Likaanza tumboni. Kaka, sikudanganyi kwamba halikuja. Lilikuja na nguvu zake zote na marafiki zake wote, harufu ya mafuta, mchanga, kila kitu. Likapita kifuani. Likafika kooni, na askari nyuma yangu akasogeza mguu, na ulimi wangu ukainuka kwa herufi ya kwanza. Nikaliona. Nililitazama kama ninavyomtazama mtu anayesimama mlangoni bila kubisha hodi. Muda ulipita, Naomi anasema ulikuwa mrefu mpaka mkalimani akarudia swali. Nikafungua kinywa kutafuta neno la Kiswahili la kumkatalia bwana, na halikuwepo. Sikuwahi kufundishwa. Basi nikasema neno alilonifundisha Mama.

Nikasema, "Mma."

Mkalimani ni mtu wa pwani. Akauliza, "Anasema nini huyu?" Bwana naye akauliza. Hakuna aliyejibu, mpaka yule askari nyuma yangu, kumbe ni mtoto wa huku kwetu, akasema polepole, "Amesema hapana, bwana." Na ndani ya neno langu, kaka, hapakuwa na bwana. Yeye aliliongeza la kwake.

Baada ya hapo yote yalitoka: mpagazi, mkungu wa ndizi, mgono, na jinsi nilivyosema uongo mwaka jana kwa hofu. Bwana aliandika kurasa mbili. Kisha akatoa hukumu, na ni mtu wa sheria zake. Zebedayo arudi nyumbani mpaka tarehe kumi na saba. Mimi, kwa kusema uongo mbele ya serikali, fimbo hamsini, zigawanywe mara mbili, wiki mbili katikati, kwa sababu sheria yao haimruhusu kupiga zote siku moja. Na Jumatatu ijayo ataniuliza mara moja ya mwisho. Nikisema kwamba maneno ya mwaka jana ndiyo ya kweli na haya ya sasa nimechanganywa na Banyani, nusu ya pili nimesamehewa, na Zebedayo atarudi kwenye mnyororo kumaliza mwaka wake. Nikishikilia la sasa, napigwa zilizobaki na shauri linafungwa, Zebedayo akiwa huru.

Nusu ya kwanza nilipigwa palepale. Nilipiga kelele, kaka. Mtu asikudanganye kwamba Banyani amenifundisha kutoumia. Mwili ulilia kwa haki yake, na mimi nikauacha ulie. Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwepo tangu fimbo ya kwanza mpaka ya ishirini na tano, sikukimbilia popote. Mara ya kwanza, mwaka ule wa kapu, nilikimbia ndani yangu nikamwachia nyumba yule aliyesema ndiyo. Safari hii nilikaa nyumbani.

Sasa kila mtu ana shauri. Jumbe ametuma mtu mara mbili: sema ndiyo, yaishe. Baba mkwe amekuja na kuku, amekula mwenyewe, ameniambia niwafikirie watoto. Najua na wewe ukiwa hapa ungesema hivyo, kwa upendo. Siwalaumu. Wanadhani naogopa kwa hiyo wananionyesha mlango wa kutokea. Ni kweli naogopa. Jana usingizi ulinikataa kabisa. Lakini hofu nikiitazama sasa ni hofu tu, haina amri juu yangu.

Niliogopa zaidi jambo la Naomi. Yeye ndiye anayeosha mgongo wangu kwa maji ya chumvi, na ndiye anayevuna peke yake. Juzi nilimwambia, useme wewe, nitakusikiliza. Alikamua kitambaa. Kisha akasema, "Mimi mambo ya Banyani siyajui. Najua kwamba miaka minne nilikuwa na mume anayeniitikia ndiyo kwa kila kitu, na sikujua anapenda nini wala anachukia nini. Mwezi uliopita nilikuuliza kama mboga ina chumvi ya kutosha, ukasema mma. Nilitoka nje nikafurahi peke yangu. Sasa unataka nikurudishe kwa yule mwingine?" Akaendelea kuniosha, na aliniumiza makusudi kidogo.

Basi hayo ndiyo ninayokuambia, kaka, na nayaandika kwa mkono wangu ili uwe nayo. Uliandika kwamba mtu wa chini hana njia ila kuitikia. Nami nasema kuitikia si njia, ni mazoea tu yaliyokanyagwa mpaka yakafanana na njia. Wao wana boma na kiboko na karatasi. Kumbukumbu ya kiboko waliiweka ndani yangu ili wasihitaji kuja kila siku. Hiyo nimeitoa. Wakinitaka sasa itabidi waje wenyewe, kila mara, na mkono wao uchoke.

Na sijasahau kitu. Wewe ulidhani kuuweka huru moyo ni kusahau. Nakumbuka yote, hata yule kuku wa bomani.

Jivraj atafunga kibanda Jumatatu aje kukaa nje ya boma chini ya jua, na wateja wake wasubiri. Zebedayo amesema naye atakuja, ingawa nimemkataza. Alikuja hapa Jumamosi, akakaa kwenye mlango wangu, kisha akaniuliza kama nitaweza kumsaidia kusuka mgono mpya nikipona. Nimemwambia nitaweza.

Mama anakusalimu, anasema utume picha ya mapacha kama kuna mtu wa kupiga picha huko. Naomi anamsalimu shemeji Marta na kumwambia mbegu za mboga alizotuma zimeota zote. Zebedayo na Anyisile wanakusalimu. Msalimu Tomasi mnayefanya naye kazi kwenye reli, mwambie shamba la baba yake halijaingiliwa na mtu. Mzee Andongwisye hakunituma salamu, lakini alipopita Ijumaa aliacha nje ya mlango majani ya mgomba mabichi ya kunitandikia, akaondoka bila kubisha hodi, basi nakupa salamu zake pia.

Mungu wetu, ambaye sijamwacha hata kama watu wake wameniweka nje kidogo, akulinde na homa, awakuze mapacha, na akupe siku moja ya kukataa jambo usilolitaka, uone utamu wake.

Barua hii itachukua mwezi na zaidi kufika. Utakapoifungua, Jumatatu tarehe kumi na saba itakuwa imepita zamani, na mgongo wangu utakuwa umepona au haujapona. Basi usikae ukiomba nijibu vizuri, wala usikimbilie kalamu kunielekeza. Nakuandikia kama utakavyosoma, jambo likiwa limekwisha: bwana aliuliza, mkalimani akatafsiri, askari alikuwa amesimama na kiboko chake, na mdogo wako alisema mma.

Mdogo wako akupendaye, na akubishiaye,
Hezroni